Mshale wa Ijumaa

Benchi la Shangazi, muuza kahawa, ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mkabala na lango la nyuma la hospitali, pale yanapotokea magari ya mashuka machafu. Ubao wenyewe umebonyea katikati, kwa hiyo anayekaa katikati huwa chini kuliko wenzake, na kila mwenye hoja hugombea ncha. Jiko la mkaa liko upande wa kulia, birika juu yake, vikombe vidogo vinaoga kwenye ndoo. Hapo ndipo wanapokutana kila mchana Kufuli, fundi wa funguo mwenye kibanda hatua kumi tu kutoka benchini. Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku, ila alipeleka hati za mahakama miaka thelathini mpaka akaamini yeye ndiye mahakama. Waya, fundi wa kompyuta za hospitali. Na Mama Jalada, karani wa kumbukumbu za wagonjwa. Siku hiyo Mama Jalada alikwenda kukaa katikati bila kugombana na mtu, na wote wakajua mambo yameharibika.

Yalikuwa yameharibika kweli. Saa nane kamili alitakiwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wiki tatu zilizopita, kurasa mbili za faili la mgonjwa mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, zilipigwa picha zikazunguka kwenye simu za mtaa mzima: ugonjwa wake, dawa zake, tarehe zake. Posa yake ilivunjika ndani ya siku nne. Hospitali ikaiuliza mashine, yaani kompyuta inayotunza mafaili, nani alifungua faili lile, na mashine ikataja jina moja tu, la Mama Jalada. Miaka kumi na tisa alikuwa amelinda siri za watu wasiomjua hata kwa sura, na sasa barua ya kusimamishwa ilikuwa mkobani mwake, imekunjwa mara nne kama karatasi ya kufungia karanga.

— Nipe chungu, Shangazi, alisema Mama Jalada. Usitie tangawizi wala pole.

— Pole ilikuwa ya bure, mwanangu, lakini naiacha. Shika.

— Mimi nimesema na narudia, alianza Kufuli. Ufunguo umechongwa. Hiyo nywila yenu ni ufunguo tu. Mtu kaugandamiza kwenye sabuni, kaenda kuchonga mwenzake.

— Nywila unaigandamizaje kwenye sabuni, kaka?

— Kwa jicho! Jicho ndiyo sabuni. Alikutazama vidole ukibonyeza. Na wewe dada unabonyeza polepole, nimekuona hata kwenye simu, mtu anaweza kwenda sokoni akarudi ukiwa herufi ya tatu.

— Alhamisi ile wanayosema nilifungua faili, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye banda la majalada ya zamani, nahamisha maboksi yaliyokojolewa na panya. Sikubonyeza kitu. Nimewaandikia hivyo, wakaniuliza shahidi ni nani. Nikataje panya?

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Hakimu, akainua kidole. Wahenga hawakuropoka. Zikaguliwe sare! Karatasi mbili zinakaa vizuri ndani ya sare ya muuguzi. Hata tatu zinakaa.

— Mzee, methali hiyo haihusu mambo ya kufua nguo, alisema Mama Jalada.

— Imesema nguoni. Unataka nikatafute wapi, kwenye viatu?

— Mimi naishuku ile printa ya ghorofa ya pili, alisema Shangazi, akipepea jiko. Ina kiherehere. Juzi imetoa orodha ya zamu mara nane na hakuna aliyeiomba. Chombo kikizoea kutapika, hutapika hata siri.

— Printa ni kitasa tu, Shangazi. Tuongelee aliyekitengeneza! Kufuli alikuwa amesimama sasa, kikombe mkononi. Hakuna fundi anayeuza kitasa asibaki na ufunguo wake. Hakuna! Sasa hivi tunavyoongea, huko mashine zilikotengenezwa, mtu kaketi kwenye kiti cha kuzunguka anasoma vipimo vya mkojo vya mtaa huu. Anawajua mpaka wenye minyoo.

— Na minyoo yetu akaifanyie nini? aliuliza Shangazi.

— Hapo sasa! Usimdharau adui kwa sababu hujui anachokitaka.

— Mnazunguka mbuyu, alisema Hakimu. Hakuna mwizi. Mashine yenyewe ndiyo imefanya. Miaka kumi na tisa majalada yalikuwa karatasi, yakimtii huyu mama. Leo yameingizwa tumboni mwa mashine, na mashine imeona aibu kuishi na mtu aliyeyajua kabla yake. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ikaandika jina lake makusudi. Mashine ina wivu, jamani, mimi nimeziona mahakamani, zinamfutia kesi anayezipangusa vumbi.

Kikombe cha Mama Jalada kiligonga ubao mpaka kahawa ikamrukia Hakimu gotini.

— Nyamazeni! Nyote! Saa nane mimi naitwa mwizi wa siri za watu mbele ya watu sita, wanne kati yao mafaili yao nimeyabeba kwa mikono hii na sijawahi kufungua mdomo. Nikitoka mle bila kazi mtaniletea nini? Sabuni? Sare? Wivu wa mashine?

Hakimu alijipangusa goti taratibu, kana kwamba ndilo lililotukanwa.

Mama Jalada alikuwa na hasira na kila mtu siku zile. Alimkasirikia mkuu wa idara aliyemsomea barua bila kuinua macho, aliwakasirikia wauguzi walioacha kumsalimu, alimkasirikia hata mumewe kwa kumwambia amwachie Mungu. Mtu mmoja tu hakuwa kwenye orodha hiyo, naye alikuwa ameketi ncha ya kushoto akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Waya aliingia hospitali ile akiwa kibarua wa kutandaza nyaya, na Mama Jalada ndiye aliyempeleka ofisini akasema kijana huyu ana kichwa, msimpoteze. Miezi mitano iliyopita, walipomzika mama yake Mama Jalada, Waya alisafiri Ijumaa akafika jioni, na Jumamosi alishika kona ya jeneza. Siku mbili zote simu yake haikuita hata mara moja. Mama Jalada alimwambia mumewe: ona heshima ya kijana yule, mtu ambaye simu yake huita mpaka chooni, leo kaizima kwa ajili ya mama yangu.

— Waya, mdogo wangu, alisema sasa, na sauti yake ikashuka. Hawa waache. Wewe ndiye unayeijua mashine. Nifundishe la kusema.

Waya alitazama lango la hospitali, akatazama kikombe.

— Si jambo la kusema, dada. Ni la kuchora.

— Basi chora.

Shangazi alipasua boksi la chupa za dripu alilokuwa akikalia, akalitandaza chini upande mweupe juu. Waya aliokota kipande cha mkaa uliozimika.

— Kwanza sahau habari za funguo. Samahani, Kufuli. Ndani ya mashine hakuna mtu mwenye funguo mfukoni. Kuna maduara na mishale. Duara ni mtu, au kazi. Mraba ni faili. Mshale maana yake "huyu anafika pale". Sasa usiniulize mtu kapewa nini. Weka kidole juu ya mtu, fuata mishale. Ukifika kwenye mraba bila kuinua kidole, huyo mtu amefika kwenye faili. Hata kama hakuna aliyewahi kumwambia "nakuruhusu".

— Kwa hiyo ni njia za miguu, alisema Kufuli, akichuchumaa. Siyo milango.

— Ni njia za miguu.

Alichora mraba chini kabisa. Juu yake akachora duara, akaandika KUMBUKUMBU, na mshale ukashuka mpaka kwenye mraba.

— Huyu ni wewe, dada. Duara lako linafika kwenye mafaili yote, ndiyo kazi yako. Kando, duara jingine: ZAMU. Humu wamo wote wanaopaswa kupata orodha ya zamu. Wauguzi, wafagiaji, dereva, wapishi. Watu thelathini na mmoja. Kwa duara hili wanafika kwenye orodha yao tu, basi.

— Hapo sijaona kosa, alisema Mama Jalada.

— Sasa ulipokwenda msibani, wiki mbili, lazima mtu akukaimu. Utaratibu unasema: mtu mmoja, mshale mmoja kuja kwenye duara lako, mkuu anasaini, na unaandikwa siku ya kuisha. Mkono wa Waya ulisita, halafu ukachora mshale mnene kutoka ZAMU hadi KUMBUKUMBU. Lakini uliwekwa huu. Ijumaa ile. Kutoka duara zima. Bila siku ya kuisha.

Mama Jalada aliinama karibu. Alikuwa mtu wa kabati na namba, wa kuweka kitu mahali pake na kukikuta hapo hapo, na picha ile ilimwingia haraka kuliko maneno yote ya barua.

— Na mtu wa zamu akipita kwangu kwenda kwenye faili, mashine inaandika jina la nani?

— La duara alilopitia.

— Langu.

— Lako, dada.

— Hata kama ni mfagiaji.

— Hata kama ni dereva na yuko barabarani na simu yake.

Alitaka kupiga kelele na alitaka kucheka, vyote kwa pamoja. Wiki tatu alikuwa amelala akijichunguza usingizini, labda aliacha kompyuta wazi, labda alichoka akasahau. Kumbe watu thelathini na mmoja walikuwa wamevaa jina lake kama koti la mlangoni!

— Subiri kwanza, alisema Shangazi. Hiyo orodha ya zamu si ndiyo ninayoletewa na mimi kwenye simu? Ile ya kujua nipeleke mabirika mangapi kwenye kikao cha asubuhi?

Waya aliukoleza mraba kwa mkaa.

— Waya, nakuuliza.

— Ndiyo, Shangazi. Umo kwenye ZAMU.

— Mimi!

— Wewe ni wa thelathini na moja. Nywila yako ni namba yako ya simu.

Shangazi alijipangusa kidole kwenye kanga, akakiweka juu ya ZAMU, akakiburuta taratibu kwenye mshale mnene, akaingia KUMBUKUMBU, akashuka, akatua kwenye mraba. Hakukiinua hata mara moja. Alikitazama kidole chake kana kwamba kimemwibia mtu.

— Nimefika, alisema. Mimi muuza kahawa, nimefika kwenye faili la binti wa watu. Na simu yangu ni ya kubonyeza!

— Nilisema! alipaza Hakimu. Mchuma janga hula na wa kwao! Maana yake kahawa imehusika!

— Mzee, ukisema methali nyingine nakumwagia birika zima. Mama Jalada hakumtazama hata kumtazama. Waya, mashine kubwa namna hii, haina hata mlinzi wa kusema huu mshale haufai?

— Inaye. Waya alichora pembeni kipicha kidogo: duara, mshale, mraba, akakizungushia mstari na kukipiga alama ya kukataza. Huu unaitwa mwiko. Unaichorea mashine picha ndogo ambayo haitakiwi kuonekana kamwe. Mwiko wetu ulisema: mtu wa zamu asifike kwenye faili la mgonjwa asiye wa wodi yake. Ukichora mshale mpya, mashine inaitafuta picha hiyo ndogo ndani ya ile kubwa. Ikiikuta popote, inaukataa mshale.

— Mbona haikuukataa?

— Mwiko ulikuwa umezimwa.

— Umezimwa! Kufuli aliruka tena juu. Si niliwaambia? Yule wa kiti cha kuzunguka! Kauzima kutoka huko huko kwao, kwa kidole kimoja, huku anakula! Mnanicheka, lakini mimi kibandani kwangu nina vitasa vitatu ambavyo wenyewe havinitambui!

Na kwa kelele za Kufuli, swali lililokuwa njiani likapotea.

Mama Jalada alisimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi ana pa kukanyaga.

— Saa saba na nusu. Waya, twende. Utawaeleza kamati kama ulivyonieleza. Mshale, duara, jina langu.

— Dada, chukua boksi. Lina kila kitu.

— Boksi halina mdomo.

— Mimi ni fundi tu. Kamati haikuniita. Nikiingia bila kuitwa wataniona nina kiherehere, na unajua mkuu alivyo. Waoneshe mchoro, wataelewa wenyewe.

— Wataelewa? Wale? Walinisomea barua yenye jina langu limekosewa! Hasira ilikuwa imerudi na imekuja na wenzake. Nilikushika mkono nikakuingiza pale ndani. Leo nakuomba utembee hatua arobaini tu, uvuke barabara, unaniambia habari za kiherehere?

Waya alikuwa ameinama, akijisugua mkaa vidoleni, na mkaa haukutoka.

Ndipo mwanamke mmoja alipokuja akasimama kando ya jiko. Alikuwa amevaa gauni la kijivu, na ukingo wa mkono wake wa kulia ulikuwa na vumbi la chaki. Hakuna aliyemjua. Aliomba kahawa, akapewa, hakukaa. Alilitazama boksi pale chini, kwanza kwa mbali, halafu akalizunguka mpaka maandishi yakawa yameelekea kwake, akaanza kulisoma kutoka juu kwenda chini bila haraka, midomo ikisogea kidogo.

— Habari zenu, alisema. Naomba kuuliza.

— Uliza, bibi, alisema Hakimu. Kuuliza si ujinga, ila kujibu ndiyo kazi.

— Nikiingia darasani nikakuta mchoro ubaoni, swali langu huwa moja tu. Aliinama, akauwekea mshale mnene ncha ya kidole, bila kuugusa. Huu nani aliuchora?

— Waya huyu hapa, alisema Kufuli. Fundi wetu.

— Sisemi hapa kwenye boksi. Kule kwenye mashine. Nimesikia mnasema uliwekwa Ijumaa. Mshale haujiweki. Nani aliuweka?

Gari la mashuka lilitoka langoni, likapita, na vumbi likatulia. Kufuli alifungua mdomo, na mara hii hata yule mtu wa kiti cha kuzunguka hakumsaidia. Shangazi aliacha kupepea.

— Na wewe ni nani, mama? aliuliza Mama Jalada kwa upole, ingawa alikwisha kujua.

— Nimeitwa saa nane, kama mlalamikaji. Mwalimu aliunyooshea kidole mraba wa chini kabisa, ule mdogo ambao Waya aliuchora kwanza na hakuuandika jina. Huo ni mimi.

Mama Jalada alikaa tena bila kutaka. Namba ya faili lile aliijua kwa kichwa, rangi ya jalada lake la zamani aliijua, kona iliyopasuka aliibandika yeye mwenyewe. Uso huu ndio kwanza anauona. Akageuka kumtazama Waya, akitegemea kumwona naye akimtazama mwalimu kwa huruma. Waya alikuwa anatazama matofali.

Ijumaa. Yeye aliondoka Alhamisi kwenda msibani. Jumamosi walizika. Ijumaa jioni Waya alifika, begi mgongoni, na siku mbili zote simu yake haikuita.

Mama Jalada aliona mshale ule ukinyooka kutoka kwenye boksi mpaka kwenye kona ya jeneza la mama yake.

— Simu yako haikuita, alisema.

— Dada...

— Nikakusifia! Nilimwambia mume wangu, ona heshima! Wewe hukuizima simu kwa heshima, Waya. Haikuita kwa sababu hakuna aliyekuhitaji. Ulikuwa umewafungulia wote!

— Nilitaka nije kumzika mama. Sauti ya Waya ilikuwa ndogo. Ungekuwa mshale wa mtu mmoja, angekwama, wangenipigia kila nusu saa. Fungua hiki, fungua kile. Nikasema niwaweke wote, nizime mwiko, Jumatatu nifute nirudishe.

— Jumatatu ikawaje?

— Printa ya ghorofa ya pili iliharibika. Nikasahau.

— Mimi niliitaja hiyo printa, alinong'ona Shangazi.

Mama Jalada alimsogelea Waya mpaka viatu vyao vikagusana.

— Sikiliza. Huo mshale nakusamehe. Uliuchora kwa ajili ya mama yangu, nakusamehe leo hii mbele ya watu. Kusahau kwako nako nakusamehe, mimi pia nasahau. Lakini jina langu lilipotoka kwenye ile karatasi ya mashine, wewe ulijua. Siku ile ile ulijua! Ulijua?

Waya alitikisa kichwa kukubali.

— Wiki tatu! Wiki tatu umekaa pembeni yangu hapa, unanipokea kikombe, unaniambia Mungu yupo, dada! Umewasikiliza hawa wakiongea habari za sabuni na minyoo na ukanyamaza. Leo umenichorea maduara yote ya hospitali, mfagiaji umemweka, dereva umemweka, muuza kahawa umemweka. Wewe uko wapi humu? Nioneshe duara lako!

— Halipo, alisema Waya.

— Halipo! Mwenye mkono wa kuchora mishale yote ndiye asiye kwenye picha!

Aliokota kipande cha mkaa, akamsukumia kifuani.

— Chora.

Waya alipiga magoti. Kwenye kona ya juu ya boksi akachora kiduara kidogo, kama kifungo cha shati.

— Kikubwa. Kikae juu ya vyote. Na mshale wake. Andika jina lako, lile la kwenye barua ya kazi, siyo Waya.

Akaandika. Mkaa ulivunjika katikati ya jina, akamalizia kwa kipande kilichobaki.

— Naomba dakika mbili tu, alisema bila kuinuka. Niingie chumba cha mashine niufute mshale kabla ya kamati. Bado uko wazi mpaka sasa hivi. Mtu yeyote anaweza...

— Hufuti kitu! Kufuli alikuwa tayari ameshika kamba ya begi la Waya, na kwa mara ya kwanza mchana ule alikuwa na sauti ya mtu wa kawaida. Ukiufuta sasa, dada anabaki na boksi la dripu mkononi. Wauone kwanza. Kule kule kwenye mashine.

— Atakwenda nao, alisema Mama Jalada. Atawaonesha wote sita, atasema nani, lini, na kwa nini. Halafu ndipo aufute, wakimtazama.

— Nitaufuta, alisema Waya, na sasa alikuwa anamtazama mwalimu, akijikaza kama mtu anayetoa zawadi. Leo leo, mwalimu. Nakuapia. Mwiko nitaurudisha, mshale nitaufuta, hakuna mtu wa zamu atakayefika tena kwenye faili lako.

Mwalimu alikuwa bado na kikombe chake, hakijapungua.

— Ukishaufuta, alisema, waliokwisha kusoma watasahau?

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka jibu, akasubiri, kama walimu wanavyosubiri. Waya alitazama mchoro wake, mishale yote, kana kwamba mmoja wao ungegeuka na kurudi juu. Kufuli aliachia kamba ya begi. Hakimu aliinua kidole, akavuta pumzi, wote wakamgeukia, na kidole kikashuka chenyewe.

— Mimi hapa sina methali, alisema Hakimu.

Shangazi aliinamisha birika kwenye kikombe cha Mama Jalada. Yalitoka matone mawili na machicha. Akalitua chini, akachota maji ya ndoo kwa kiganja na kuumwagia mkaa, ukalia.

Saa nane kasoro dakika kumi walivuka barabara. Waya alibeba boksi kwa mikono miwili mbele ya kifua, upande ulioandikwa nje, mkaa ukimchafua shati. Mwalimu alitembea kando, mkono wake wenye chaki ndani ya mkono wa Mama Jalada, na hakuna aliyekumbuka ni yupi aliyemshika mwenzake kwanza. Mlinzi wa lango aliwasalimu, akasogea kumpisha Mama Jalada atangulie kama alivyozoea miaka yote.

Mama Jalada alikataa. Alimwacha Waya apite mbele, ili asimpotee machoni.